Filamu Mbaya na Marafiki Wema

Mtu anayetaka kumwalika mwenzake kula chakula kitamu hahitaji maneno mengi. Harufu ya jikoni humwita mgeni kabla mwenye nyumba hajafungua kinywa. Kadhalika mtu anayetaka kumsifia rafiki yake kitabu kizuri, au wimbo mzuri, hana kazi kubwa, maana uzuri wenyewe humsaidia kusema. Lakini fikiri, msomaji, juu ya mtu aliyejitwika kazi iliyo kinyume cha hiyo. Anawaendea rafiki zake na kuwaambia: "Iko filamu mbaya kupita kiasi. Wachezaji wake hawajui kucheza, hadithi yake haina kichwa wala miguu, na aliyeitengeneza hakuona kosa hata moja. Njoni tukaitazame." Bila shaka rafiki hao watamwuliza kama hana homa.

Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kila aliyewahi kwenda sokoni anajua ukweli wa methali hiyo. Hata hivyo, historia ya sinema inatuonyesha jambo la tatu ambalo methali haikulitaja. Viko vitu vibaya ambavyo havikujiuza, na vilipojitembeza havikupata mnunuzi. Kisha marafiki wakavichukua mikononi, wakavipeleka mlango kwa mlango mpaka vikajulikana duniani. Katika insha hii nitakusimulia habari za filamu mbili za Marekani zilizopata bahati hiyo ya ajabu. Mtengenezaji wa filamu ya kwanza alikufa kabla sifa zake hazijaanza. Mtengenezaji wa pili aliishi, akakisikia kicheko cha watu kwa masikio yake. Habari za watu hawa wawili zinaleta swali moja, nami napenda ulichukue swali hilo tangu sasa na kwenda nalo njia nzima: je, mtu anapowaalika wenzake kuicheka kazi ya mwingine, humheshimu mwenye kazi au humdhihaki?

Filamu ya kwanza inaitwa Plan 9 from Outer Space, yaani Mpango wa 9 kutoka Anga za Mbali. Aliyeitunga na kuiongoza ni Edward D. Wood, aliyezaliwa mwaka 1924 katika mji wa Poughkeepsie, jimbo la New York. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa askari wa Marekani, na vita vilipokwisha alikwenda Hollywood kutafuta maisha katika sinema. Hakuwa na fedha wala jina. Kwa kusema kweli, hakuwa pia na kipawa kikubwa cha kuongoza mchezo. Alichokuwa nacho ni mapenzi ya sinema yasiyojua kuchoka, na mapenzi hayo yalimfanya aendelee mahali ambapo mtu mwenye busara zaidi angalirudi nyumbani.

Katika pitapita zake Wood alifanya urafiki na Bela Lugosi, mchezaji mzaliwa wa Hungaria ambaye aliwatisha watu wengi mwaka 1931 kwa kucheza Dracula, yule mfu mnyonya damu. Miaka ilikuwa imempita Lugosi. Alikuwa mzee, maskini na mgonjwa, na wenye kampuni kubwa walikuwa wamemsahau. Wood hakumsahau. Alimpa kazi, na akampiga picha chache akiwa amevaa joho lake jeusi, kabla ya filamu yenyewe kuwa na hadithi kamili. Tarehe 16 Agosti 1956 Lugosi akafariki. Mtu mwingine angaliziweka picha hizo sandukuni. Wood alitunga hadithi nzima ya kuzizunguka, na mahali pa marehemu akamweka bwana mmoja aliyekuwa akimnyoosha mkewe viungo vya mwili. Bwana huyo alikuwa mrefu kuliko Lugosi wala hakufanana naye hata kidogo. Kwa hiyo katika filamu nzima anatembea ameuziba uso wake kwa joho, mtazamaji asimtambue. Kila mtazamaji humtambua.

Fedha za filamu zilitoka mahali ambapo hungalitazamia. Waumini kadhaa wa kanisa la Kibaptisti walikubali kulipa gharama kwa matumaini kwamba faida itakayopatikana itatumika kutengeneza filamu za dini. Jina la kwanza la filamu lilihusu wezi wa makaburi, nao hawakulipenda, wakataka libadilishwe. Waliwataka pia baadhi ya wachezaji wabatizwe. Wood alikubali yote mawili. Mwishoni mwa mwaka 1956 kazi ikaanza, na kwa siku chache tu picha zote zikapigwa.

Hadithi yenyewe ni hii. Wageni kutoka sayari nyingine wanakuja duniani kwa visahani virukavyo, wanafufua wafu, na kuwatuma wakawatishe walio hai. Nia yao ni kuwazuia wanadamu wasije wakaunda bomu litakalolipua hata miale ya jua na kuangamiza ulimwengu wote. Usicheke upesi, msomaji. Kumbuka kwamba mwaka 1952 Marekani ilikuwa imekwisha kulipua bomu la kwanza la haidrojeni, na hofu ya silaha hizo ilikuwa hofu ya kweli mioyoni mwa watu. Wood alikuwa na neno zito la kuwaambia walimwengu. Shida ni kwamba alilisema mbele ya makaburi ya kadibodi ambayo hutikisika mtu akiyagusa. Katika filamu hiyo mtu huanza kukimbia usiku, akaendelea mchana, akamaliza usiku tena. Chumba cha rubani wa ndege kimetenganishwa na abiria kwa pazia tu. Askari polisi anajikuna kwa mdomo wa bastola yake. Visahani vya wageni vinaning'inia katika nyuzi ambazo mtazamaji huziona.

Watu wengi husimulia kwamba visahani hivyo vilikuwa sahani za karatasi, au vifuniko vya magurudumu ya motokaa. Ukweli ni kwamba vilikuwa vyombo vya kuchezea watoto, vilivyonunuliwa dukani na kuunganishwa vipande vyake. Nakuomba ulitie jambo hili akilini, kwani ni funzo dogo la historia. Kila rafiki aliyewasimulia wenzake habari za Plan 9 alitaka waje waitazame, na kila mmoja aliongeza chumvi kidogo. Katika kutoka mdomo mmoja kwenda mwingine, chombo cha dukani kikageuka kuwa kifuniko cha gurudumu.

Filamu ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Los Angeles mwaka 1957, ikatolewa kwa watu wote mwaka 1959, na haikuvuma. Katika miaka ya 1960 vituo vya televisheni viliinunua kwa bei ndogo na kuionyesha usiku wa manane, wakati ambao watazamaji ni wachache na kituo hakitaki kutumia fedha. Hapo ndipo mbegu ilipoota bila mkulima kujua. Vijana waliokuwa macho usiku ule waliiona, wakacheka, na kesho yake wakawasimulia wenzao shuleni na kazini. Lakini Wood hakupata habari ya kicheko hicho wala senti yake. Aliendelea kuandika vitabu vya bei rahisi ili apate kula, na ulevi ukamshika. Mwezi Desemba 1978 yeye na mkewe walifukuzwa katika nyumba waliyopanga, wakapewa hifadhi na rafiki. Siku chache baadaye, tarehe 10 Desemba, Wood akafariki katika nyumba hiyo ya rafiki, mwenye umri wa miaka 54. Mcheza kwao hutuzwa, wasema Waswahili. Wood alicheza kwao miaka yote hiyo, wala hakutuzwa.

Tuzo ilikuja mwaka 1980, nayo ilikuwa tuzo ya ajabu. Ndugu wawili, Harry na Michael Medved, walitoa kitabu cha kuzitukuza kwa mzaha filamu mbaya kuliko zote. Kura za wasomaji zilikuwa zimeichagua Plan 9 kuwa filamu mbaya kupita zote zilizopata kutengenezwa, na Wood akaitwa mwongozaji mbaya kupita wote. Tangu siku hiyo filamu iliyokuwa ikionyeshwa usiku wa manane ikaanza kutafutwa. Mwaka 1994 mwongozaji Tim Burton alitengeneza filamu ya maisha ya Wood, na mchezaji Martin Landau, aliyecheza Lugosi mzee, alipata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo. Filamu ya Burton haimdhihaki Wood. Inamwonyesha kuwa mtu aliyeamini kazi yake na kuwapenda rafiki zake. Heshima hiyo ilikuwa njema, ila ilimkuta mwenyewe ana miaka kumi na sita kaburini.

Pengine sasa utauliza: mbona filamu mbaya ni nyingi, na zilizo nyingi miongoni mwao huchosha tu? Kwa nini marafiki waichague hii na kuiacha ile? Mwandishi wa Marekani, Susan Sontag, katika insha yake ya mwaka 1964 alieleza jambo linalotusaidia hapa. Alisema kwamba kazi za namna hii hutupendeza zaidi pale mwenyewe alipokuwa na nia ya dhati, akajaribu jambo kubwa, akashindwa bila kujua. Maneno hayo ni kweli. Mtu anayetengeneza ubaya kwa makusudi ili achekwe ni kama mtu anayejikwaa kwa hiari. Tutamtazama mara moja, kisha tutachoka. Mtu aliyekusudia kuruka mto mzima kwa moyo wake wote, akatumbukia katikati, huyo hatutamsahau. Kosa lake lina roho ndani yake.

Sasa tuingie katika filamu ya pili. Hii inaitwa The Room, yaani Chumba, na ilitolewa mjini Los Angeles tarehe 27 Juni 2003. Tommy Wiseau aliitunga, akaiongoza, akaitafutia fedha, na juu ya hayo akaicheza mwenyewe. Si filamu ya watoto, kwa maana ina mambo ya faragha ya watu wazima. Mimi naieleza hapa kwa ajili ya historia yake. Hadithi yake ni ya mfanyakazi wa benki mjini San Francisco ambaye mchumba wake anamsaliti kwa rafiki yake mpenzi, na mwisho wake ni wa kifo. Wiseau alikusudia watu walie.

Inasemekana kwamba gharama zilifikia dola milioni 6, na mtu akiitazama filamu hushindwa kuona zilikokwenda. Watengenezaji wengine hukodi kamera; Wiseau alizinunua, akaziweka mbili bega kwa bega, moja ya mkanda wa kawaida na nyingine ya video, zikapiga picha zile zile kwa pamoja. Alihitaji paa la nyumba, akajenga paa katika kiwanja cha kuegeshea magari, na mandhari ya mji ikatiwa nyuma baadaye. Katika hadithi, mama wa mchumba anamwambia binti yake kwamba ana saratani. Habari hiyo nzito haitajwi tena mpaka mwisho. Wanaume waliovaa suti za arusi wanatoka nje na kurushiana mpira uchochoroni, wala hapana ajuaye sababu. Mezani kuna picha ndani ya fremu, na ukiangalia vizuri utaona kwamba ni picha ya kijiko.

Hapa methali yetu ilijaribiwa kwa ukamilifu, kwani Wiseau alikitembeza kibaya chake kwa nguvu zote. Alikodi bango kubwa la tangazo huko Hollywood, lenye uso wake mwenyewe, nalo likasimama kadiri ya miaka mitano. Maelfu ya watu walipita chini yake. Hata hivyo, katika majuma mawili ya kwanza filamu ilipata dola zipatazo 1,800 tu. Tangazo lilikuwa limeshindwa.

Lililoshindikana kwa bango lilifanywa na kijana mmoja. Michael Rousselet aliiona filamu hiyo karibu peke yake, katika jumba tupu, siku chache kabla haijaondolewa. Hakutoka nje kudai fedha zake. Aliwapigia simu rafiki zake waje upesi kabla siku hazijakwisha. Walikuja, nao wakawaita wengine, wakarudi tena na tena. Kufikia onyesho la mwisho watazamaji walikuwa yapata mia moja. Filamu ilipoondolewa waliandika kumshukuru Wiseau na kumwomba airudishe. Mwezi Juni 2004 Wiseau alikodi jumba kwa onyesho moja la usiku wa manane. Watu walijaa, akaongeza jingine, na baada ya hapo likawa jambo la kila mwezi. Desturi zikaota zenyewe kama zinavyoota katika ngoma. Picha ya kijiko ikionekana, watazamaji hurusha vijiko vya plastiki; wanaume wa uchochoroni wakirusha mpira, watazamaji nao hurusha mpira. Kutoka Los Angeles desturi hizo zikaenda miji mingine ya Marekani, na zikavuka bahari mpaka London.

Tuchunguze, msomaji, alichokifanya kijana yule, maana ndani yake mna ustadi wote wa kuwashawishi rafiki. Kwanza, hakuwadanganya. Hakusema kwamba filamu ni nzuri, kwa sababu rafiki aliyeahidiwa asali akapewa shubiri hatakuamini tena hata utakapokuwa na asali kweli. Pili, hakuwatuma, alikwenda nao. Aliketi tena katika kiti kile kile na kuvumilia tena yale aliyokwisha kuyavumilia. Mwaliko wa "nenda ukaone" ni mwepisi, na mara nyingi haufiki mbali. Mwaliko wa "twende tukaone" una dhamana ndani yake: mwenye kualika ameweka saa zake mwenyewe rehani. Tatu, alijua kwamba raha yenyewe haimo katika filamu peke yake. Mtu akiitazama filamu ya namna hiyo pekee chumbani, nusu saa itamchosha. Akiitazama katikati ya rafiki, mmoja atagundua kijiko, wa pili ataona kivuli kisichostahili kuwapo, wa tatu ataiga namna mchezaji anavyocheka, na usiku utakwisha kabla hawajataka.

Tumefika kwenye swali tulilobeba tangu mwanzo. Je, mambo haya yote ni heshima au dhihaka? Wiseau, alipoona watu wanacheka mahali alipotaka walie, angaliweza kujifungia ndani. Badala yake alikwenda kwenye maonyesho, akasimama mbele ya watu, akajibu maswali yao, akarushiana nao mpira. Baadaye alisema kwamba tangu mwanzo alikusudia mchezo wenye kuchekesha. Wengi hawakusadiki, wala hawakumlaumu. Mwaka 2013 Greg Sestero, mchezaji aliyecheza yule rafiki msaliti, pamoja na mwandishi Tom Bissell, walitoa kitabu kiitwacho The Disaster Artist juu ya kutengenezwa kwa filamu hiyo, na mwaka 2017 kitabu hicho nacho kikafanywa filamu. James Franco, aliyemcheza Wiseau, alishinda tuzo ya Golden Globe mwezi Januari 2018, akamwita Wiseau mwenyewe jukwaani. Wiseau alinyosha mkono kukishika kipaza sauti. Franco akamzuia, na watu wakacheka.

Tendo hilo dogo, lililokwisha kwa nukta chache, laonyesha mpaka ulipo. Kumwita mtu jukwaani ni heshima; kumnyima neno akiwa amesimama hapo ni jambo jingine. Vivyo hivyo kicheko si kitu kimoja. Kiko kicheko cha mtu apitaye njiani, atupaye jiwe na kwenda zake bila kujua limempiga nani. Na kiko kicheko cha mtu aliyeketi tangu mwanzo hata mwisho, anayejua jina la mtengenezaji, taabu zake na nia yake, naye akarudi kutazama mara ya kumi. Hapana mtu arudiaye mara ya kumi kitu anachokichukia. Kwa maoni yangu, marafiki waliojaza jumba lile mwaka 2004 walikuwa wa kicheko cha pili, na ndiyo sababu kazi yao imedumu. Waliokwenda kwa dhihaka tupu walicheka usiku mmoja, wasionekane tena.

Nakwambia mambo haya wewe uliye mwanafunzi kwa sababu karibu nawe wako akina Wood wengi. Wako darasani mwako. Mmoja ametunga shairi lake la kwanza na vina vimemponyoka. Mwingine ameandika mchezo wa kuigizwa mwisho wa muhula, na pazia likaanguka kabla ya wakati. Utacheka, na si kosa kucheka, maana jambo la kuchekesha huchekesha. Lakini baada ya kucheka, nenda ukamwambie kwamba uliketi mpaka mwisho, na mlete rafiki mwingine katika onyesho la pili. Mwambie angali hai na anaweza kukusikia. Edward Wood alijulikana duniani kote, na kati ya wote waliokuja kulitamka jina lake kwa furaha, hakuna hata mmoja aliyewahi kubisha hodi mlangoni pake mwezi ule wa Desemba.